Makao ya Kudumu

Springdale, Arkansas
6 Mei 2012, mwaka wa ishirini na tano tangu niondoke Ollot

Mdogo wangu Neijon,

Yokwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba safari hii rubani hakuirudisha Majuro pamoja na magunia ya mchele, kama alivyofanya kwa ile ya Krismasi.

Habari kubwa ni kwamba mjukuu wako Mejlin amemaliza shule. Alivaa joho la bluu na kofia ya pembe nne, na jina lake liliposomwa jamaa zetu wa kiwanda cha kuku walipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akainua mkono kuwaomba watulie. Hawakutulia. Hemkena alisimama juu ya kiti akapaza sauti, "Tumekaa kimya tangu tuje nchi hii, bwana! Leo tuache!" Nilicheka, kisha nikatafuta leso. Nilikumbuka siku nilipokuja kumchukua, binti yako Emlain aliponikabidhi mtoto huyu uwanja wa ndege wa Majuro, akiwa amefungwa kwenye kanga ya maua, wewe ukiwa umesimama pembeni umetazama upande mwingine. Sasa ananizidi kimo. Tangu mke wangu afariki tuko wawili tu nyumbani, na yeye ndiye mwenye sauti.

Anataka kusomea uuguzi katika chuo cha jamii kilicho upande wa pili wa barabara kuu. Ni karibu, anaweza kwenda kwa miguu. Walitaka cheti cha shule, wakapewa. Walitaka afanye mtihani wa hisabati, akafaulu vizuri kuliko watoto wa mchungaji. Walitaka kadi ya chanjo, tukapekua nyumba nzima tukaikuta ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Nilidhani tumemaliza. Kumbe lilikuwa limebaki swali moja, nalo ndilo lililotukwamisha.

Nafasi za uuguzi ni chache, na wakaazi wa kaunti hii huchukuliwa kwanza. Wageni hungoja mwisho wa foleni, na nasikia foleni hiyo haijawahi kuwafikia. Basi tuliitwa ofisini. Mwenye dawati anaitwa Bi Darlene, mama mpole, ameweka picha za mbwa wake mezani kama sisi tunavyoweka za wajukuu. Aliigeuza fomu ya Mejlin ili tuione.

"Binti, penye makao ya kudumu umeandika Ollot, Maloelap, huko visiwani. Ndiko unakoishi?"

"Hapana. Naishi hapo nyuma ya kanisa."

"Sasa kwa nini umeandika huko?"

"Si mmeuliza makao ya kudumu?"

"Uliishi huko miaka mingapi?"

"Sijawahi kufika."

Bi Darlene alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Na mimi, Neijon, nilijivuna kama jogoo. Ni mimi niliyemfundisha: ukiulizwa kwenu ni wapi, taja weto ya mama yako, kipande chetu kile cha ardhi kinachoanzia maji tulivu ya ndani mpaka mawimbi ya nje. Hajakiona, lakini anaweza kukutajia mipaka yake na jina la kila mshelisheli.

Kisha yule mama akanigeukia mimi, kwa sababu kanuni yao inasema makao ya mtoto ni yale ya mlezi wake. "Na wewe mzee, umekaa hapa miaka mingi. Unakusudia kubaki?"

Nikamjibu, "La, mama. Mimi narudi kwetu."

Mtu gani wa kwetu angejibu vingine? Nimejibu hivyo kiwandani, nimejibu hivyo benki, nimejibu hivyo kwa kinyozi. Mdomo ulijibu kabla sijaufikiria. Bi Darlene akaandika, na Mejlin akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa amechelewa.

Sasa wameweka jina lake pamoja na wageni. Njia ya kulitoa huko ni moja: mlezi aandike hati ya kiapo, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba makao yake ni hapa na hana nia ya kurudi alikotoka. Hati hiyo iwafikie kabla ya tarehe kumi Agosti. Nimekataa. Mkuu wa ardhi ya ukoo, kama nilivyo mimi, haandiki neno kama hilo, nawe unajua sababu kuliko mimi. Nitatafuta njia nyingine.

Mejlin hanisemeshi tangu juzi, ila kuniuliza kama nimekula. Mimi ni mzima. Ni magoti tu. Mungu akipenda, mwakani nitakuja kabla mashelisheli hayajaiva.

Kaka yako,
Biram


Ollot, Maloelap
3 Juni 2012

Kaka yangu Biram,

Yokwe. Barua yako imechelewa. Habari zako tulikuwa nazo wiki nzima kabla, na hazikuwa nzuri.

Kanchi alituita kwenye redio kutoka Majuro. Unamjua binamu yako, akiona moshi anatangaza mji umeungua. "Ollot, Ollot, mnanipata? Biram ameiandikisha weto kwa chuo cha Wamarekani!" Kila mtu alikuwa kwenye kibanda cha redio, hata mchungaji, ambaye siku zote anapita tu kutafuta betri. Mama Limojwa akauliza kama Wamarekani watakuja na matingatinga. Nikamwambia, "Wewe nyamaza. Uwanja wako tu umekushinda kufagia, ya matingatinga utayaweza?" Lakini usiku ule sikula.

Ndipo boti ikaleta barua yako kutoka Taroa, ndege inakotua. Niliisoma kando ya nyumba yako, peke yangu kwanza. Jumapili nikaisoma kanisani, ile sehemu ya ofisini. Nilipofika kwenye "La, mama, mimi narudi kwetu," watu walipiga makofi, na Limojwa akalia kwa sauti ili wote tumwone.

Umefanya vyema kukataa. Nakuandikia ili usiyumbe. Bati la upande wa bahari tumelibadilisha. Wanawake wameleta changarawe mpya nyeupe kutoka ufukweni, tumeimwaga kuzunguka nyumba yako yote mpaka mlangoni. Kila karamu, fungu lako huwekwa kwanza, mbele ya la mchungaji, kisha watoto hulila wakisema, "Asante, Mzee Biram." Wengine wao hawakujui, wanadhani Biram ni jina la chakula. Lakini fungu linawekwa. Siku mkuu wa ardhi atakapoandika kwamba harudi, haliwekwi tena. Neno hilo kwetu halina kifutio. Huko kwenu karatasi moja hutengua nyingine. Sisi tukishasikia, tumesikia.

Mwambie Mejlin hatumkatazi shule. Aje asomee Majuro. Zahanati yetu haina mtu tangu yule kijana aondoke. Ukijikata na panga unafungwa na mwalimu wa darasa la tatu. Tunamhitaji kuliko wanavyomhitaji hao wenye picha za mbwa.

Magoti dada anaruhusiwa kuyataja, kwa hiyo nakutumia chupa ya mafuta ya nazi, niliyoyapika mwenyewe. Jipake yakiwa na joto. Mengine ya mwili sikuulizi, wala hutaniambia, ndivyo tulivyolelewa. Nakuomba tu ule vizuri.

Usiandike neno lile.

Mdogo wako,
Neijon


Springdale
17 Juni 2012

Bibi yangu mwenye redio,

Yokwe! Usimwambie Babu kwamba nimekuandikia. Akijua atasema nimepita juu ya kichwa chake, halafu atanihubiria kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo.

Mafuta yamefika. Anajipaka magotini kila asubuhi na nyumba nzima inanukia keki. Barua yako anatembea nayo kwenye mfuko wa shati. Ameisoma mara nyingi mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo, nikaibandika kwa gundi.

Bibi, nakuomba umwambie aandike. Hamsikilizi mtu mwingine ila wewe. Mimi nimeshalia, nimeshanuna, nimeshampikia wali wa nazi. Anakula, anasema asante, anarudi kwenye kitabu chake cha maktaba. Unasema nikasome Majuro. Ningekuja, Bibi, naapa, lakini nitamwacha na nani? Najua umeshaambiwa habari za mashine, maana huko hakuna kinachowapita. Tangu mwaka juzi anakwenda siku tatu kwa wiki, anafungwa mirija mkononi, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Figo zake hazifanyi kazi. Mimi ndiye ninayempeleka. Anakaa saa nne kwenye kiti, na mimi nasoma hapo kando yake. Wauguzi wananijua kwa jina. Mmoja wao ni mtoto wa Hemkena, alisoma chuo hichohicho ninachokitaka, na akiwa zamu Babu hufumba macho akalala, kwa sababu anaulizwa kama anaumwa kwa lugha yetu. Akiwa zamu mwingine halali. Ndiyo sababu nataka kusoma hapa, si kwa sababu nimegeuka Mmarekani kama Mama Limojwa anavyosema. Ndiyo, nimesikia, redio yenu inafika huku pia.

Mwanzoni alikuwa kwenye foleni ya kupewa figo. Alikuwa akisema, "Nikipata tu, tunapanda ndege." Mwezi wa tatu daktari alituita. Alisema moyo wa Babu umechoka, hautaweza operesheni, kwa hiyo wamemwondoa kwenye foleni. Mimi ndiye niliyemtafsiria. Nilitafsiri vibaya makusudi, nikasema, "Wanataka kungoja kidogo." Akanitazama, akasema, "Kiingereza nakijua, mtoto wangu. Nilikuwa mwalimu wa shule."

Huko kwetu hakuna mashine hiyo. Nilimuuliza daktari, akasema bila mashine ni wiki mbili, labda tatu.

Juzi nilimkasirikia. Nikamwambia, "Babu, ni karatasi tu! Andika uongo, Mungu atakusamehe, hata Bi Darlene atakusamehe!"

Akasema, "Kama ungekuwa uongo ningeuandika siku ileile, palepale mezani kwake."

Nilimwelewa, Bibi. Nikaingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie. Nilipotoka alikuwa amenikatia embe la kopo na kuliweka kwenye sahani, kama nilipokuwa mdogo.

Sijui nimeandika nini tena. Wanafunga orodha tarehe kumi Agosti. Nisaidie.

Mjukuu wako,
Mejlin


Ollot
14 Julai 2012

Mejlin, wewe mwenye masikio makubwa ya baba yako,

Sikujua.

Nimeliandika neno hilo kwanza ili lisinisumbue ninapoandika mengine. Hakuna aliyeniambia. Aliniambia magoti, nikapika mafuta. Nilichagua nazi kavu moja moja, nikakoroga nikiimba, kwa ajili ya magoti.

Usijilaumu. Ungejuaje? Huko mmekulia pamoja na watu wa aina nyingine, kaka na dada wanaongea lolote mbele ya kila mtu. Sisi tulilelewa hivi: jambo la mwili wa kaka yangu halipiti mdomoni mwangu, na la mwili wangu halipiti mdomoni mwake. Na ugonjwa huu ni wa figo, ni wa mkojo, mtoto. Hata angekuwa anakufa mikononi mwangu asingeweza kunitajia. Nami hata sasa ninapojua siwezi kumwandikia kwamba najua. Nikimwandikia nitamvua nguo. Wewe ni mjukuu, na mjukuu anaruhusiwa kila kitu, ndiyo maana wewe unakaa kando ya mirija yake na mimi nampikia mafuta ya keki.

Nimelia siku mbili nikisema ni meno. Limojwa akaniletea karafuu. Nimeamua kumpenda tangu leo, ingawa haitadumu.

Sasa sikiliza. Hataandika kwa sababu nimemwambia asiandike. Ndivyo alivyo kaka yangu. Anadhani akiandika ataniacha hapa mlangoni nimesimama, na fungu lake mkononi. Nikimwambia "andika, nakuruhusu," atajua kwamba nimejua, na atakufa kwa aibu kabla ya figo. Kwa hiyo nitamwandikia jambo jingine. Litakuwa baya. Ukiliona likisomwa, usiseme neno, usitetee mtu. Kama ukishindwa kujizuia, nenda kachemshe maji.

Nitakayomwandikia si kweli. Ya kweli nakuandikia wewe: nyumba ipo, fungu linawekwa, na litawekwa mpaka mimi nife, na nikifa nimeshamwagiza Emlain. Watu wa Ollot nimewaambia jana kanisani kwamba nitamwandikia uongo, bila kuwatajia ugonjwa, nimewaapisha, na mchungaji amekizima kibanda cha redio kwa wiki moja, anasema betri zimeisha. Kwa mara ya kwanza alikuwa amezipata.

Wewe soma. Usisome kwa ajili ya Ollot, usisome ili urudi kutufunga vidole. Soma ili awe na mtu wa kumuuliza kwa lugha yetu kama anaumwa. Na siku moja, katika siku zile tatu, akiwa amelala kwenye kile kiti, mshike mguu. Usimwambie ni mimi.

Barua hii ichome.

Bibi yako,
Neijon


Ollot
14 Julai 2012

Kwa Biram,

Nakuandikia kwa ufupi kwa kuwa boti inaondoka.

Tumekaa kikao cha ukoo. Watu wamechoka kumngoja mkuu wa ardhi asiyekuja. Kila mwaka unasema mwakani. Mpaka wa upande wa kusini una ugomvi, na mtu wa kuamua hayupo. Wamenichagua mimi, na nimekubali. Kuanzia sasa mimi ndiye mkuu wa ardhi, na fungu la mkuu linawekwa mbele yangu.

Nyumba yako ilikuwa imeoza mihimili. Tumeibomoa. Mabati mazuri tumeyatumia kwenye jiko la kanisa, na mahali pale tutapanda mikadi.

Niliyokuandikia mwezi wa sita yafute. Chuo kikitaka neno lako, wape. Haliathiri chochote huku tena.

Mkeka uliomo ndani ni kwa sababu mzigo ulikuwa mwepesi na ada ni ileile.

Neijon
Mkuu wa ardhi


Springdale
5 Agosti 2012

Kwa mkuu wa ardhi,

Yokwe. Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara moja tu, kwa kuwa ilieleweka.

Ukoo umefanya haki. Ningekuwa hapo kwenye kikao ningeinua mkono pamoja nao. Mihimili ile niliiweka mwenyewe nikiwa kijana na haraka, haikuwa ya kudumu. Kuhusu mpaka wa kusini, mti wa alama ni ule uliopinda, si ule mrefu. Baba yake Kanchi alijaribu kuubadilisha zamani, na nadhani mwanawe atajaribu tena. Usimpe nafasi.

Mkeka umefika. Asante kwa mzigo mwepesi.

Mejlin anakusalimu. Wakati ninasoma barua yako alichemsha maji mengi mno kwa watu wawili.

Nakutii, na nitaandika kama ulivyoagiza.

Ndugu yako,
Biram


Springdale, Arkansas
7 Agosti 2012

Kwa Msajili wa chuo,
kupitia kwa Bi Darlene wa dawati la udahili

Mimi, Biram Jelke, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, mlezi wa Mejlin, naapa kwamba ninayoandika hapa ni kweli. Mliniomba nieleze kwa maneno yangu mwenyewe, na nawaomba radhi kama yatazidi nafasi mliyoacha.

Nimeishi katika kaunti hii miaka ishirini na mitano. Nimefanya kazi katika kiwanda kimoja mpaka vidole vya mkono wa kulia vikakataa kukunjuka. Nimelipa kodi. Mke wangu amezikwa hapa, kwenye kilima nyuma ya ghala la mbegu. Mejlin ameishi katika nyumba yangu tangu alipoanza kutembea, na hana nyumba nyingine yoyote duniani. Alipoandika Ollot kwenye fomu yenu hakuwa anadanganya wala hakuwa amekosa kuelewa. Kwetu anayeulizwa makao yake hutaja ardhi ya mama yake, hata kama hajawahi kuikanyaga. Nawaomba kosa hilo, kama ni kosa, liandikwe kwangu, na jina lake lirudishwe miongoni mwa wakaazi, apate nafasi yake ya uuguzi kwa haki.

Mwezi wa tano Bi Darlene aliniuliza kama nakusudia kubaki, nami nikasema narudi. Sikuwa nasema kweli siku ile. Nilikuwa nimeshajua tangu mwezi wa tatu.

Desturi yetu hainiruhusu kumwambia dada yangu jambo la mwili wangu. Ninyi si dada zangu, kwa hiyo naandika wazi. Figo zangu zimekufa. Naishi kwa mashine, na kwetu mashine hiyo haipo. Nikipanda ndege, nitafika nikiwa na siku chache, na siku hizo dada yangu atalazimika kunitazama na kutoniuliza. Sitaki kumpa kazi hiyo.

Nilichelewa kuwaandikia kwa sababu alikuwa ananingoja. Mwezi uliopita ameniandikia kwamba haningoji tena, kwamba cheo changu amekichukua na nyumba yangu ameibomoa. Pamoja na barua hiyo alituma mkeka. Nilihesabu safu za ususi wake: ni kazi ya mwaka mzima, na upana wake ni wa chumba changu cha kulala, kama alivyoupima siku nilipoondoka. Mtu aliyebomoa nyumba hasuki mkeka wa chumba chake. Dada yangu amejua, sijui kwa njia gani, naye ameniambia kwa namna pekee aliyoruhusiwa. Nimemjibu kwamba nimeamini. Naomba hati hii ikae kwenye jalada lenu, isiende mahali pengine.

Nimeambiwa hati haitakubaliwa bila maneno yenyewe kuandikwa waziwazi. Basi nayaandika, mbele ya afisa wa viapo, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu.

Makao yangu ya kudumu ni hapa. Sina nia ya kurudi Ollot. Sitarudi.

Biram Jelke